Kaseti za Baba, seva ya muziki na kontena: historia fupi

Najua nimepotea. Zamu zimekuwa nyingi, na baridi ya hapa Southampton haina adabu, lakini tupo, tunamshukuru Mungu.

Leo nina deni la kulipa. Juzi juzi niliongea na Mama kwa video nikiwa jikoni napika wali. Nyuma yangu ulikuwa unapiga wimbo wa Atomic Jazz, kwa sauti ya chini. Mama akanyamaza, akasikiliza, halafu akauliza: "Mwanangu, hiyo si kaseti ya baba yako?" Nikamwambia ndiyo. "Kumbe umepata redio kaseti huko?" Nikamwambia hapana Mama, kaseti yenyewe iko kabatini. Wimbo unatoka kwenye kisanduku kilicho chini ya ngazi, tena unapitia ndani ya kontena. Mama alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Kontena? Chini ya ngazi? Hiyo nyumba yako kubwa kiasi gani?"

Nilimwahidi nitaeleza. Kwa kuwa mambo haya kwa simu hayaelezeki, naandika. Ni historia ndefu kidogo, inaanza na santuri na kuishia chini ya ngazi zangu. Na mwishoni nina ombi kwenu, hasa mlioko Pongwe na Muheza, kwa hiyo msiishie njiani.

Tuanze mbali. Thomas Edison alitengeneza fonografu yake mwaka 1877. Kabla ya hapo sauti ya mtu ikishatoka imetoka, huwezi kuirudisha. Kwetu pwani habari ya kunasa sauti tunaijua zaidi kwa Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, India, kurekodi santuri za His Master's Voice. Santuri za enzi zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Taarabu ambayo ukumbini watu wanaitunza kwa muda mrefu, ilibidi ikatwe itoshe hapo.

Lakini kuna jambo jingine kuhusu santuri ambalo naomba mlishike, maana tutalirudia. Santuri ilitoka kiwandani. Ukiwa nayo unaipiga, jirani anasikiliza dirishani, basi. Hukuweza kumtengenezea jirani ya kwake. Ikivunjika, imevunjika.

Kaseti ndiyo iliyobadilisha habari hiyo. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1963, kazi ikiongozwa na mhandisi aitwaye Lou Ottens. Alitaka kitu kidogo kinachoingia mfukoni mwa koti. Tena Philips wakakubali watengenezaji wengine waitumie aina yao ile ile bila kulipia leseni, ndiyo maana kaseti ya Mjapani iliingia kwenye redio ya Mholanzi bila ugomvi. Na jambo kubwa zaidi, kaseti ilirekodi. Mtu wa kawaida, nyumbani kwake, bila kiwanda, aliweza kunasa sauti na kuitoa kopi.

Nyie wakubwa mnalijua hili kuliko mimi. Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwa wanarekodi bendi studio kwao na kuzipiga hewani, na watu majumbani wanasubiri kipindi kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu. Tanga yetu ilikuwa na mambo: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na upande wa taarabu Black Star na Lucky Star. Sehemu kubwa ya muziki huo iliyofika kwa kizazi chetu ilifika kwa kaseti iliyorekodiwa redioni, kisha ikatolewa kopi, kisha kopi ya kopi, kila mara ikiongeza mvumo kidogo kama mvua ya mbali.

Baba alikuwa mmoja wa watu hao. Mnamkumbuka mwalimu na ile redio yake ya milango miwili. Kaseti zake alizipa namba kwa kalamu nyekundu ile ile ya kusahihishia madaftari, na ndani ya kijaluba aliandika orodha ya nyimbo kwa hati yake iliyonyooka. Mtu akija Pongwe na kaseti tupu, anakunywa chai, anaondoka na kopi. Mama alikuwa akinung'unika kuhusu betri, lakini chai aliitengeneza.

Haya, sasa twende kwenye mambo ya kompyuta. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Mwaka 1982 zilianza kuuzwa sidii za Sony na Philips. Katika sidii muziki si mchirizi tena bali ni namba. Sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Uzuri wake ni kwamba namba ukizinakili hazipati mvumo. Kopi ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Ubaya wake ni uzito. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90, yaani dakika 45, ukiuandika hivyo unachukua karibu megabaiti 480. Kompyuta za miaka ile hazikuwa na nafasi hiyo, na laini za simu ndiyo kabisa.

Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer, akiwemo Karlheinz Brandenburg, wakahangaika miaka mingi na namna ya kupunguza uzito huo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui. Matokeo ndiyo MP3, jina ambalo mafaili hayo yalipewa mwaka 1995. Kwa kipimo kilichozoeleka wakati ule, dakika 45 zile zinashuka hadi karibu megabaiti 43. Kuna jambo moja lililonigusa katika habari zake. Brandenburg alijaribia kazi yake kwa wimbo wa Suzanne Vega unaoimbwa bila ala yoyote, kwa sababu sauti ya mtu ikiwa peke yake ndiyo ngumu kuliko zote. Gitaa na ngoma huficha makosa. Sauti tupu ya binadamu ikiharibika kidogo tu, sikio linajua.

Kwa sababu hiyo kaseti za Baba sikuziweka kwa MP3. Niliziweka kwa aina nyingine iitwayo FLAC, iliyotolewa mwaka 2001 na Josh Coalson. Hiyo inakunja bila kutupa kitu, kama unavyokunja khanga. Ukiikunjua unapata khanga yako nzima. Haipungui sana kama MP3, inafika karibu nusu ya uzito wa mwanzo, lakini diski siku hizi si tatizo.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa Ulaya na Marekani walijikuta na nyimbo maelfu kwenye kompyuta, lakini kompyuta iko chumba kimoja na spika nzuri ziko sebuleni. Hapo ndipo inapoingia programu ninayoitumia mimi.

Mwaka 2001 kampuni ndogo ya California iitwayo Slim Devices, iliyoanzishwa na kijana Sean Adams, ilitoa kifaa kinachoitwa SLIMP3. Kilikuwa kisanduku kidogo chenye kioo cha maandishi ya mwanga, rimoti, tundu la waya wa mtandao na matundu ya kupeleka sauti kwenye redio. Ndani hakina diski, hakina wimbo hata mmoja. Akili yote iliwekwa kwenye programu iliyokaa kwenye kompyuta, ikaitwa SlimServer. Hiyo ndiyo seva: inajua nyimbo zote, inazipanga kwa msanii na albamu, inapokea maagizo, kisha inamtumia mpigaji sauti kidogo kidogo kupitia waya. Mpigaji yeye anapiga tu anacholetewa. Ukiwa na wapigaji watatu, jikoni, sebuleni na chumbani, seva inaweza kuwaamuru wapige wimbo mmoja kwa pamoja bila kupishana.

Halafu wakafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoiokoa programu hiyo. SlimServer ilikuwa programu huria. Maandishi yake yote, yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, yaliwekwa wazi. Yeyote aliruhusiwa kuyachukua, kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Kifaa walikuuzia, lakini programu walikupa.

Mwaka 2003 walitoa Squeezebox, ndugu yake mkubwa aliyeweza kupokea muziki bila waya. Mwaka 2006 kampuni kubwa ya Logitech ikainunua Slim Devices. Jina la programu likaanza kubadilika kama mtoto anayelelewa nyumba nyingi: SlimServer ikawa SqueezeCenter, ikawa Squeezebox Server, kisha Logitech Media Server. Vifaa vikazidi kuja, vingine vikiwa na spika ndani, vingine na kioo cha kugusa. Mwaka 2012 Logitech wakaacha kutengeneza Squeezebox. Simu za mikononi zilikuwa zimeshika kasi, na muziki wa kukodisha kwa mwezi ulikuwa umekuja. Spotify ilianza mwaka 2008, na kwetu Tanzania na Kenya ilifika mwaka 2021.

Kwa kawaida hapo ndipo hadithi ingeisha. Kampuni ikiacha, kitu kinakufa, nyie mnabaki na makasha. Lakini maandishi ya programu yalikuwa tayari kwenye mikono ya watu wengi. Mwaka huo huo wa 2012 hapa Uingereza ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu inayotosha kiganjani. Mtu mwingine akaandika programu iitwayo Squeezelite, inayoifanya kompyuta kama hiyo ijifanye Squeezebox. Kwa hiyo kifaa kilipoacha kutengenezwa dukani, watu wakajitengenezea wenyewe mezani. Mpigaji wangu wa jikoni ndiye huyo, nimemuweka ndani ya kopo la biskuti.

Mwaka 2024 Logitech walifunga pia mtandao wao wa mysqueezebox.com, uliokuwa ukiwaunganisha wenye vifaa hivyo na redio za intaneti. Watu wa kujitolea walikuwa wamejiandaa. Kazi nyingi zilizokuwa zinafanywa na mtandao ule walizihamishia ndani ya programu yenyewe, wakaipa jina jipya, Lyrion Music Server. Umri wake umepita miaka ishirini, imebadili majina mara nne, kampuni mbili zimepita juu yake, na leo asubuhi imenipigia wimbo.

Mama aliuliza kuhusu kisanduku, kwa hiyo nakuja huko. Kwa kifupi cha Kiingereza wanakiita NAS. Ni sanduku lenye diski mbili au zaidi, limeunganishwa na mtandao wa nyumbani, halizimwi, na vifaa vyote vya nyumba vinaweza kusoma mafaili yake. Langu lina ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Diski zake mbili zinaandika kitu kile kile, moja ikifa nyingine inaendelea. Wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ziwe kama moja liliandikwa mwaka 1988 na wasomi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaliita RAID. Ila mnisikilize hapa: RAID inakulinda na diski iliyokufa, haikulindi na mkono wako mwenyewe. Ukifuta faili, diski zote mbili zinafuta kwa pamoja, kwa utiifu mkubwa. Nitawaambia nimejuaje.

Na kontena?

Mkitoka katikati ya mji huu mkaelekea upande wa magharibi mtaona winchi za bandari na makontena yamepangwa kama matofali. Kontena la meli lina historia yake. Aprili 26, 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Kabla yake mzigo ulipakiwa gunia kwa gunia na mabega ya makuli, kila mzigo na namna yake. Yeye alisema mzigo uwe wowote, kasha liwe la aina moja. Winchi haina haja ya kujua ndani kuna kahawa au baiskeli.

Kwenye kompyuta tatizo lilikuwa lile lile. Programu haiji peke yake. Seva yangu ya muziki inataka Perl ya toleo fulani, na vijiprogramu vya kufungua FLAC na MP3. Programu nyingine kwenye kisanduku hicho hicho inataka toleo jingine. Ukimridhisha huyu, yule anaanguka. Wataalamu walianza zamani kutafuta namna ya kuzitenga. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata amri ya chroot, inayoifanya programu ione folda moja tu na kuamini kwamba ndiyo dunia nzima. Mwaka 2000 FreeBSD wakaleta kitu imara zaidi wakakiita jela. Mwaka 2008 Linux ikapata uwezo wa kuipimia kila programu kiasi cha nguvu za kompyuta inachoruhusiwa kutumia, kazi iliyoanzwa na wahandisi wa Google. Kisha Machi 2013, kwenye mkutano wa watu wa lugha ya Python huko California, Solomon Hykes alionyesha kwa dakika chache kitu kinachoitwa Docker, kilichoyafunga yote hayo kwa namna ambayo hata mtu kama mimi anaweza. Nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni.

Kwa hiyo kontena langu ni programu ya muziki pamoja na kila kitu inachohitaji, vimefungwa pamoja. Nimeipakua, nimeiwasha, inafanya kazi bila kugombana na jirani zake.

Nisidanganye lakini, haikuwa hivyo siku ya kwanza. Usiku mbili nzima jikoni palikuwa kimya. Mpigaji akiwashwa huita ndani ya mtandao wa nyumba, kupitia mlango wenye namba 3483: "Seva, uko wapi?" Kontena lina kuta zake, na wito ule haukupenya. Seva ilikuwa imekaa ndani inasubiri kuitwa, na mpigaji nje anaita, kama watu wawili wanaosubiriana kwenye milango miwili ya msikiti mmoja. Nilipoliruhusu kontena litumie mtandao wa kisanduku moja kwa moja wakaonana, na nilicheza peke yangu jikoni saa nane za usiku.

Sasa sehemu ambayo sijapenda kuiandika.

Nilipokuja likizo mwaka 2018 Mama alinipa kaseti 12 za Baba. Mwaka 2020, wakati hatutoki nje isipokuwa kwenda kazini na kurudi, nilinunua deki ya mtumba nikaanza kuziingiza kwenye kompyuta moja moja. Unapiga upande mzima, dakika 45, huwezi kuharakisha. Kaseti namba 7 ndiyo niliyoisubiri. Upande B unaanza na Baba mwenyewe. Anataja tarehe ya mwaka 1992, anasema mvua imenyesha, halafu anasema, "Haya, sema jina lako." Na kuna mtoto wa miaka mitatu anayesema jina lake vibaya, na Baba anacheka. Halafu wimbo unaanza. Mtoto huyo ni mimi. Baba, kama mnavyojua, tulimzika 2011. Sina sauti yake nyingine mahali popote.

Niliirekodi. Sauti ilipoisha tu, deki ikaila kaseti. Ule utepe ukatoka kama tambi, umejikunja na kukatika. Nikasema si neno, ninalo faili. Nikaitupa. Ndugu zangu, niliitupa kwenye taka kwa mkono wangu. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba utepe uliokatika huungwa kwa kipande cha utepe maalumu wenye gundi na ukapiga tena.

Faili nikalihamishia kwenye seva, na kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa imejaa nikafuta lililokuwa huko. Na hapa ndipo nilipokosea. Kontena limetengenezwa litupwe. Programu ikitoka toleo jipya, haufanyi ukarabati ndani ya kontena. Unalifuta lote na kuleta jipya. Kwa hiyo vitu vyako vya thamani havikai ndani. Vinakaa nje, kwenye folda ya kisanduku, na unaliambia kontena, folda ile pale utaisoma. Muziki wangu mwingine wote niliuweka hivyo. Lakini folda ya kaseti za Baba niliiunda ndani ya kontena lenyewe, kwa amri niliyoinakili bila kuielewa. Ilionekana, ilipiga, nikaridhika.

Mwezi Oktoba 2021 likatoka toleo jipya. Nikabonyeza. Dakika mbili baadaye kila kitu kilikuwa kinang'aa, nyimbo zote zipo. Folda ya Baba haipo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazini nafundisha wauguzi wapya jambo hilo hilo. Muuguzi ni wa zamu, mgonjwa ni wa wodi. Habari za mgonjwa hukai nazo kichwani, unaziandika kwenye faili lake, kwa sababu saa moja na nusu asubuhi wewe unaondoka na mwingine anaingia. Kontena ni muuguzi wa zamu. Nilimpa sauti ya baba yangu aishike kichwani, kisha nikampeleka nyumbani kulala.

Kaseti 11 nilizianza upya, zote zimerudi. Namba 7 haikuwepo tena duniani, nilidhani.

Halafu nikaikumbuka ile redio ya milango miwili. Nikampigia Mjomba wa Muheza. "Mjomba, huna kopi yoyote ya kaseti za Baba?" Akasema, "Mwanangu, shemeji yangu kila alichorekodi alinipa. Ziko kwenye boksi juu ya kabati, sijui kama panya wamezibakiza." Panya walizibakiza. Binamu akazipiga na kunirekodia kwa simu, na kopi ya namba 7 ilikuwemo, kwa mvumo wake wote. Nilikaa kwenye ngazi nikaisikiliza yote. Nyimbo zote zipo. Lakini upande B unaanza na wimbo. Baba alipomtolea Mjomba kopi aliruka yale maongezi, bila shaka aliona ni upuuzi wa nyumbani, nani atataka kusikia mtoto akitaja jina.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kwa nini vitu vingine vinabaki na vingine vinapotea. Siyo ukubwa wa anayevihifadhi. Mwaka 2019 MySpace, iliyokuwa mtandao mkubwa duniani enzi zake, ilikiri kwamba nyimbo zilizowekwa kwake kwa miaka 12, tangu 2003, zimepotea walipohamisha seva. Kwa hesabu zilizotangazwa ni zaidi ya nyimbo milioni 50. Na boksi la juu ya kabati Muheza limebaki. Programu ya Slim Devices imebaki baada ya kampuni mbili kuondoka, kwa sababu maandishi yake yalikuwa kwa watu wengi. Nyimbo za kaseti namba 7 zimebaki kwa sababu Baba alikuwa anagawa na Mama anatengeneza chai. Kilichopotea ni kile tu kilichokuwa na kopi moja.

Siku hizi nimejirekebisha. Kaseti za Baba ziko kwenye folda iliyo nje ya kontena. Kila usiku wa Jumapili kisanduku kinazinakili kwenye diski nyingine ninayoichomoa na kuifungia kabatini. Na dada ana diski ya tatu pale Tanga, nilimpa safari iliyopita, ameifunga kwenye khanga. Kontena nimeshalifuta na kulileta jipya mara nyingi tangu siku ile. Mkono bado unatetemeka kidogo nikibonyeza, lakini nyimbo hazijatikisika.

Sasa ombi langu.

Baba aliwatolea kopi watu wengi. Walimu wenzake wa Pongwe, majirani, wanafunzi wake waliokuja kuwa watu wazima. Naamini hakuruka maongezi kwa kila mtu. Inawezekana kabisa yupo aliyepewa kopi ya namba 7 pamoja na ule upuuzi wa mwanzo wa upande B. Naomba kila mmoja wenu aangalie: juu ya makabati, kwenye masanduku ya bati, kwenye droo ya ile redio mbovu ambayo hakuna anayetaka kuitupa. Mtafute kaseti yenye namba kwa wino mwekundu na hati iliyonyooka. Msiipige kwenye redio yoyote ya zamani, isije ikaliwa kama yangu. Mpelekeeni dada. Na hata ikiwa imekatika, hata ikiwa imetoka tambi, tafadhali msiitupe.

Na kama mna kaseti zenu wenyewe, za harusi, za maulidi, za babu akisimulia, tafuteni namna ya kuziingiza kwenye kompyuta mapema, kisha mpeane. Msimwachie mtu mmoja. Msiniachie hata mimi na kisanduku changu.

Mama, natumaini sasa umeelewa kontena lilivyotosha chini ya ngazi. Nakusalimu sana. Wengine wote nawapenda, tutaonana Mungu akipenda. Naingia zamu ya usiku.